Saratani ya matiti: kwa nini akina mama wetu wanafika wamechelewa?

Hii ni hotuba iliyotolewa na idara yetu ya afya katika kikao cha pamoja cha kamati za parokia na wafadhili, kilichofanyika Mbezi Beach, Dar es Salaam. Tumeichapa kama ilivyosomwa, kwa ombi la wajumbe ambao hawakuweza kufika.



Awali ya yote tunawashukuru wenyeji wetu wa Mbezi Beach kwa kutupokea, na hasa akina mama waliokuwa jikoni tangu alfajiri ili sisi tukute chai na vitumbua. Tumepewa nusu saa. Tutajitahidi tusile muda wa chakula cha mchana.

Mada tuliyopewa inahusu tofauti za mahali na mahali katika ugonjwa wa saratani ya matiti: kwa nini kuna maeneo ambako akina mama wengi hugundulika mapema, na mengine ambako karibu wote hugundulika ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Swali hili halikutoka kwetu. Lilitoka kwenye kamati ya parokia moja ya Temeke, ambayo katika kipindi kifupi ilizika akina mama wawili wa kwaya moja. Mwenyekiti wao alituandikia barua akisema kwamba mtu wa Kigoma akichelewa anaelewa, maana ni mbali. Lakini wao Ocean Road wanaifikia kwa nauli ya daladala, sasa wao wamechelewaje? Tulipoipokea barua ile tulidhani jibu tunalo. Tulipokaa kuliandika tukaona kwamba hatuna, na hotuba hii ndiyo matokeo ya kulitafuta.

Tuanze na maelezo machache ya kitaalamu ili tusipishane. Madaktari huupanga ugonjwa huu katika hatua nne. Katika hatua ya kwanza na ya pili uvimbe bado uko ndani ya titi, au umegusa tezi chache za kwapani. Katika hatua ya tatu umekuwa mkubwa, au umeshika ngozi au ukuta wa kifua, au tezi za kwapani zimeshikamana. Katika hatua ya nne umesafiri hadi kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Tunaposema mama amechelewa tuna maana ya hatua ya tatu na ya nne. Hatua za mwanzo daktari anatibu kwa lengo la kuponya. Hatua ya nne anatibu kwa lengo la kuongeza siku na kupunguza maumivu, na hiyo nayo ni kazi njema, lakini ni kazi nyingine.

Tathmini ya huduma za afya ya matiti Tanzania iliyochapishwa mwaka 2017 na shirika la Susan G. Komen la Marekani ilionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya wanawake wenye saratani ya matiti nchini hugundulika katika hatua ya tatu au ya nne. Kule Marekani kwenyewe karibu theluthi mbili hugundulika ugonjwa ukiwa bado haujatoka nje ya titi. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwa mwaka 2020 yalitupa karibu wagonjwa wapya 4,000 wa saratani ya matiti Tanzania. Kwa kila wanawake laki moja idadi hiyo ni ndogo kuliko ya Marekani au Uingereza. Sisi tunaugua kidogo kuliko wao, lakini anayeugua kwetu ana hatari kubwa zaidi ya kufa, na sehemu kubwa ya sababu ni hiyo asilimia 80.

RAMANI NA UDANGANYIFU WAKE

Kabla hatujasema mkoa gani unachelewa kuliko mwingine, tuwatahadharishe kuhusu ramani. Mtu akichukua daftari la wagonjwa la hospitali kubwa ya Dar es Salaam akapaka rangi kila mkoa kwa idadi ya wagonjwa wake, Dar es Salaam na Pwani zitakoza, na Rukwa, Katavi na Kigoma zitabaki karibu nyeupe. Msomaji wa haraka atasema huu ni ugonjwa wa mjini. Kuna chembe ya ukweli: mwanamke wa mjini huzaa watoto wachache, huanza kuzaa akiwa na umri mkubwa zaidi, hunyonyesha kwa muda mfupi, na hunenepa zaidi, na mambo haya yote huongeza hatari. Lakini weupe wa Rukwa hauna maana kwamba Rukwa hakuna wagonjwa. Mama aliyefia nyumbani kijijini bila kupimwa haandikwi popote kwamba alikufa kwa saratani. Nchi yetu haina daftari moja linalomhesabu kila mgonjwa wa saratani kuanzia Mtwara hadi Kagera.

Kuna na hila nyingine ambayo sisi wenyewe tumeiona tukiwatembelea wagonjwa. Mama anatoka Tunduru, anafikia kwa mdogo wake Mbagala. Karani wa mapokezi anamwuliza, unakaa wapi? Anajibu, Mbagala. Basi anaandikwa Mbagala, na mwaka wake mzima wa kuhangaika Tunduru unahesabiwa Temeke. Mjumbe mwenzetu anayewatembelea wagonjwa wodini anasema hukutana na "wa Temeke" ambao hawajui njia ya kwenda Tandika.

Tena, wale wa mbali waliozidiwa kabisa hawasafiri. Anayefika kutoka mbali ni yule aliyebakiwa na nguvu ya kukaa kwenye basi na ambaye ndugu zake waliweza kuuza ng'ombe au shamba. Kwa hiyo hata asilimia ya waliochelewa inaweza kuonekana nafuu kwa mkoa wa mbali, kwa sababu tu waliochelewa zaidi wamekwisha kuzikwa. Tunawaomba wafadhili wetu, mkiletewa jedwali la mikoa, mwulize kwanza lilihesabu wagonjwa mlango gani.

Pamoja na hayo, umbali ni jambo la kweli. Majengo ya Ocean Road yalijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na taasisi ya saratani iliundwa rasmi kwa sheria mwaka 1996. Barabara iliyompa jina lake ilibadilishwa mwaka 2013 ikaitwa Barack Obama, lakini hospitali imebaki na jina lake la zamani, na kondakta wa daladala hakuna asiyelijua. Kwa miaka mingi hapo ndipo palipokuwa mahali pekee nchini penye tiba ya mionzi. Mama wa Bukoba alisafiri zaidi ya kilometa 1,000, na wa Pemba alivuka bahari. Baadaye Bugando ya Mwanza ikaanzisha huduma ya saratani pamoja na mionzi, na KCMC ya Moshi ikafungua kituo chake cha saratani mwaka 2016. Zote mbili, kama wajumbe wengi mnavyojua, zina mizizi katika makanisa. Ni hatua kubwa. Lakini hazijibu swali la Temeke.

KILOMETA AU KITU KINGINE?

Mtakumbuka mwaka 2011, watu walivyomiminika kwenye kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Hatutaki kufungua upya mjadala wa dawa ile. Mwenyewe alifariki mwaka 2021, na wapo waliodhurika kwa kuacha dawa zao za hospitali. Tunakitaja kisa kile kwa sababu moja tu. Barabara ilikuwa mbovu, foleni ya magari ilichukua siku kadhaa, watu walilala porini, na bado walikwenda, kutoka mikoa yote, hata nje ya nchi. Mama ambaye tuliambiwa hawezi kufika hospitali ya mkoa kwa sababu ya umbali aliweza kufika Samunge. Kwa nini?

Tuliwauliza baadhi ya waliokwenda. Walisema mambo mawili. Kwanza, bei walikuwa wakiijua kabla hawajatoka nyumbani: shilingi 500 kwa kikombe, haiongezeki. Pili, walijua kwamba wakifika watahudumiwa palepale, wala hawataambiwa warudi wiki ijayo. Sasa chukua mama mwenye kivimbe anayekwenda hospitali. Bei haijui. Anaijua nauli ya kwenda. Hajui kama ataambiwa akapige picha ya ultrasaundi mahali pengine, hajui gharama ya kukata kinyama, hajui majibu yatatoka lini wala atarudi mara ngapi. Anasikia kwamba matibabu ya saratani ni ya msamaha, na ni kweli kwamba sera ya serikali imekuwa hivyo, lakini msamaha humfikia anayejulikana kuwa ana saratani. Yeye bado anatafuta kujua. Kati ya kivimbe na karatasi ya majibu ndipo pesa zinapomwishia.

Majirani zetu wa Rwanda wamelipima jambo hili vizuri kuliko sisi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa hospitali mbili za vijijini, Butaro na Rwinkwavu. Walimwuliza kila mama mwenye saratani ya matiti: dalili uliiona lini, ukamwonyesha mhudumu wa afya lini, na ugonjwa ukathibitishwa lini? Mgonjwa wa katikati alikaa nyumbani na dalili yake miezi 5. Baada ya kuionyesha, huduma zenyewe zilimchukulia miezi mingine 5. Na safari yote kwa ujumla ilikuwa miezi 15. (Wahasibu wetu hapa mbele wameshaanza kutabasamu: 5 na 5 si 15. Hizi ni namba za mtu wa katikati katika kila orodha, wala hazijumlishwi kama za sokoni.) Jambo la kushika ni kwamba nusu ya ucheleweshaji ulikuwa wa mgonjwa, na nusu nyingine ulikuwa wetu sisi tunaojiita watoa huduma. Mama alikuwa amekwishatoka nyumbani. Alikuwa anazungushwa.

Kwa hiyo tumeanza kuamini kwamba tofauti kubwa ya mahali na mahali haipimwi kwa kilometa. Inapimwa kwa idadi ya milango ambayo mama anabisha kabla ya mtu mmoja kumwambia jina la ugonjwa wake. Kigoma milango ni mingi na iko mbalimbali. Temeke milango ni mingi vilevile, ila iko karibu, na hilo halimsaidii kama kila mmoja anamtuma kwa mwingine.

NDANI YA GETI MOJA

Tutoe mfano wa hapahapa Mbezi Beach, kwa ruhusa ya wahusika na bila kuwataja. Katika nyumba moja ya barabara za ndani waliishi wanawake wawili waliopata kivimbe katika kipindi cha miaka miwili. Wa kwanza ni mama mwenye nyumba, mtumishi mstaafu mwenye bima. Alikigusa akioga, siku ya pili akaenda hospitali, wiki ile ile akapigwa picha, kinyama kikakatwa, na kabla mwezi haujaisha ameshapangiwa upasuaji. Leo anaimba sopran na tunamwona kila Jumapili.

Wa pili alikuwa dada wa kazi, mzaliwa wa Singida. Naye alikigusa mapema; tunajua kwa sababu alimwambia mwuza genge wa pale nje kabla hajamwambia mtu mwingine. Hakikuuma. Na hapa tusimame kidogo, kwa maana hili ndilo linaloua watu: kivimbe cha saratani mwanzoni aghalabu hakiumi, na sisi tumelelewa kuamini kwamba kisichouma si ugonjwa. Alikwenda zahanati akiwa ametumwa sokoni, akapewa vidonge vya jipu. Alimaliza dozi, kivimbe kikabaki. Akarudi, akaambiwa ni maziwa, maana alikuwa ameacha mtoto mdogo kijijini. Mara ya tatu akapewa barua ya rufaa. Kwa ile barua alihitaji siku nzima, na siku nzima maana yake ni kuomba ruhusa, na kuomba ruhusa maana yake ni kueleza. Aliona aibu. Barua ikakaa ndani ya Biblia yake miezi mingi. Mama mwenye nyumba, ambaye mwenyewe alikuwa ameugua ugonjwa huo huo na kupona, aligundua siku alipoona shuka lina majimaji.

Mama yule alilia mbele yetu. Alisema, "Mimi nilikuwa nakwenda kliniki kila wiki, yeye ndiye aliyekuwa ananifungia geti." Dada alirudishwa Singida baada ya matibabu ya kwanza, na huko ndiko alikozikwa.

Kwa hesabu ya ramani, wanawake wale wawili wana anwani moja: Mbezi Beach, Kinondoni. Mmoja aliishi katika nchi ya theluthi mbili, mwingine katika nchi ya asilimia 80. Na tukitoka nje ya geti lile tutawakuta wengi wa aina yake: wanaokaanga samaki pale sokoni, wanaoponda kokoto Kunduchi, mama lishe wa kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kwa mtu anayekula alichopata leo, siku moja ya foleni hospitalini ni siku moja ya watoto kulala bila chakula. Wala tusidhani wenye uwezo wote wanawahi. Tunao wenye magari waliofika na kidonda wakiwa wamezunguka kwenye mikesha ya maombi mwaka mzima, kwa sababu walihofia kukatwa titi na kuachwa na mume. Tunawaomba wachungaji na mapadre waliomo humu: mkimwombea mama mwenye kivimbe, mwulizeni na siku atakayokwenda kupima.

KOSA LETU

Hapa inatubidi tuseme jambo ambalo halikuwamo kwenye taarifa zetu zilizopita.

Kwa miaka kadhaa sasa, kila Oktoba, tumekuwa tukiandaa siku ya uchunguzi wa matiti katika viwanja vya parokia. Tunakodi hema na spika, tunagawa fulana za pinki, wauguzi wanajitolea, akina mama wanapanga mstari. Taarifa yetu huandika idadi ya waliopimwa, na picha huchapishwa katika jarida hili. Wafadhili mmezipenda picha zile, na kusema kweli hata sisi tumezipenda. Wenye kivimbe walipewa karatasi ya rufaa na maneno ya kuwatia moyo.

Baada ya barua ya Temeke tuliamua kuwatafuta wale waliopewa karatasi. Tulipata aibu. Baadhi ya namba za simu tulizoandika hazikuwa zao, zilikuwa za jirani au za mtoto aliyekwishahama. Wengine tuliowapata walikuwa hawajakwenda kokote, na karatasi wanayo. Mmoja alitwambia alikwenda, akaambiwa alete pesa ya kipimo, akarudi nyumbani kusubiri Oktoba nyingine apimwe tena bure. Alikuwa amepimwa na sisi mara mbili. Katika taarifa zetu amehesabiwa kama wanawake wawili waliofikiwa.

Hatuwalaumu wauguzi waliojitolea, wala hospitali zilizowapokea. Tulitengeneza mlango mmoja zaidi wa kubisha, tukaupamba kwa maputo.

YANAYOWEZEKANA

Je, kuna mahali walipofanya vizuri bila mashine za gharama? Wapo, na tuwataje kwa sababu wajumbe wengi hudhani bila mamografia hakuna la kufanya. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2014 kwamba nchi zenye huduma dhaifu za afya zisianze na mamografia, na sababu inaeleweka: mashine inayogundua wagonjwa ambao huwezi kuwathibitisha wala kuwatibu inaongeza orodha tu.

Mumbai, India, kuanzia mwaka 1998, wanawake zaidi ya 150,000 wa mitaa ya watu wa kipato cha chini waliingizwa katika utafiti, nusu yao wakipimwa matiti kwa mikono kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa afya wanawake waliofundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Waliopimwa waligundulika katika hatua za mapema zaidi, na kwa wenye umri wa miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo vifo havikupungua, na ni haki tuliseme hilo pia, kwa kuwa wagonjwa wetu wengi ni wa umri mdogo. Sudan, katika jimbo la Gezira, wanawake wa kujitolea kutoka vijijini waliwapima wenzao zaidi ya 10,000. Taarifa ilitoka mwaka 2013. Rwanda, wilaya ya Burera, wauguzi wa vituo vya afya walipofundishwa, maeneo yao yakaanza kuonyesha wagonjwa wa hatua za mwanzo wengi kuliko maeneo ambayo mafunzo hayakufika.

Na kwetu hapa, Profesa Twalib Ngoma, aliyewahi kuiongoza Ocean Road, na wenzake walichapisha mwaka 2015 matokeo ya kazi waliyoifanya vijijini Tanzania. Wanakijiji waliopewa mafunzo mafupi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza dalili za saratani na kuwaelekeza wenye dalili kwenye matibabu, na wagonjwa wakaanza kupatikana katika hatua za mapema zaidi. Nyumba kwa nyumba, ndugu zetu, ni kazi ambayo jumuiya zetu zinaifanya kila wiki kwa mambo mengine.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo, na tunajua si wote watakaolipenda. Tunaomba fedha zilizotengwa kwa ajili ya Oktoba ijayo, zile za hema, spika, fulana na vinywaji, zitumike kwa nauli, picha ya ultrasaundi, kukata kinyama na kusoma majibu kwa kila mama wa parokia zetu atakayekutwa na kivimbe, mwezi wowote wa mwaka. Tumeongea na mfadhili mmoja ambaye ametuuliza, sasa atawaonyesha nini wanaomchangia? Hatukuwa na jibu la kumridhisha. Taarifa ya mwakani itakuwa na idadi ndogo sana. Badala ya kuandika tumewafikia mamia, huenda tutaandika tumewafikisha akina mama kumi na mmoja kwenye majibu yao, na wawili kati yao walikuwa na saratani. Kama mfadhili ataona hiyo ni kazi ndogo, tungependa atuambie sasa na si baada ya kuisoma.

Pamoja na fedha hizo tunaomba kila jumuiya imteue mama mmoja wa kusindikiza. Kazi yake si kutibu wala kutambua ugonjwa. Kazi yake ni kwenda na mgonjwa, kukaa naye kwenye foleni, kuuliza swali ambalo mgonjwa anaogopa kuliuliza, na kurudi naye siku ya majibu. Wapo waliokwisha kufanya hivi bila kutumwa na mtu. Yule mwuza genge wa nje ya geti ndiye wa kwanza kujitolea, na amekubali kuwafundisha wengine jinsi ya kuongea na dada wa kazi bila bosi wake kushtuka.

Jambo la mwisho ni daftari. Tumechapisha daftari dogo lenye mistari mitano kwa kila mama: siku aliyoiona dalili, siku aliyomwonyesha mhudumu wa afya, siku kinyama kilipokatwa, siku majibu yalipotoka, siku tiba ilipoanza. Jina linabaki kwa msindikizaji. Sisi tunachukua tarehe tu, pamoja na mahali alipokuwa akiishi dalili ilipoanza, ili mama wa Tunduru asihesabiwe Mbagala. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la kuthibitisha ugonjwa ndani ya siku 60 tangu mgonjwa anapojitokeza. Tutazihesabu siku zetu kwa kila parokia. Inawezekana Mbezi Beach ikaonekana mbaya kuliko Mbagala. Tukiligundua hilo, tutalisoma hapahapa.

Dalili zimeandikwa kwenye jalada la nyuma la daftari: kivimbe kwenye titi au kwapani, hata kisichouma, ngozi ya titi kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani, damu au majimaji kutoka kwenye chuchu bila kunyonyesha, kidonda kisichopona, titi moja kubadilika umbo. Mama anayenyonyesha naye anaweza kuugua, kwa hiyo akiambiwa ni maziwa na kivimbe kisiondoke, arudi tena na msindikizaji wake.

Madaftari yako mezani karibu na mlango, mawili kwa kila parokia. Parokia za Temeke zilizo na wajumbe wachache leo, tunaomba mjumbe wa Chamazi awachukulie. Tutakutana tena baada ya miezi mitatu kuyafungua, na kikao hicho tumeombwa kukifanyia Temeke. Kama kuna maswali tunayakaribisha kabla ya chakula, na tungependa tuanze na wanaopinga kuondolewa kwa siku ya Oktoba.